Msamiati wa Wachezaji wa Bao, Karata na Drafti katika Milima ya Usambara: Mtazamo wa Kihistoria

1. Utangulizi

Uchunguzi wa misimu ya Kiswahili umeelekea zaidi mijini. Kazi ya Uta Reuster-Jahn na Roland Kießling ya mwaka 2006 kuhusu lugha ya mitaani nchini Tanzania iliweka msingi imara wa kuifahamu lugha ya vijana, na tangu hapo watafiti wengi wamefuatilia daladala, muziki wa kizazi kipya na vyombo vya habari. Mahali pengine panapozaa maneno, na ambapo umri wake ni mkubwa kuliko huo wa daladala, ni pale watu wawili au wanne wanapoketi kushindana kwa kete au kwa karata huku wengine wakiwazunguka na kuwakosoa. Katika Lushoto, Soni, Mombo na Mlalo, kama ilivyo kwingineko nchini, michezo hiyo huchezwa barazani, karibu na masoko na kandokando ya vituo vya mabasi.

Insha hii inafuatilia historia ya msamiati wa michezo mitatu, yaani bao, karata na drafti, kwa kuitazama kutoka katika milima ya Usambara. Usambara imechaguliwa kwa sababu inakaa mpakani. Ni nchi ya Washambaa, wenye lugha yao, lakini iko karibu na pwani ya Tanga na Pangani kiasi kwamba Kiswahili kilifika huko mapema. Hoja inayojengwa ni kwamba maneno ya mchezo hayabadiliki kwa mwendo mmoja. Neno linaloamua kama hatua fulani ni halali hukaa na maana yake kwa muda mrefu, kwa kuwa mpinzani hulilinda. Neno linalotaja kitu cha kushikwa au ushindi wa kuhesabiwa hutoka mchezoni kwa wepesi, na likishatoka hubadilika bila kizuizi.

2. Njia ya maneno kutoka pwani hadi milimani

Washambaa wenyewe huitofautisha nchi yao ya milimani, Shambaai, na nyika iliyo chini yake. Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1974 juu ya ufalme wa Washambaa, alionyesha jinsi tofauti hiyo ilivyoongoza siasa, kilimo na makazi. Chini ya Wakilindi, makao makuu ya ufalme yalikuwa Vugha, milimani. Johann Ludwig Krapf alifika Vugha mwaka 1848 na tena mwaka 1852, wakati wa Kimweri ye Nyumbai. Baada ya kifo cha Kimweri mwaka 1862, uzito wa mambo ulianza kuteremka. Mwanawe Semboja alijiimarisha Mazinde, chini ya milima, katika njia ya misafara iliyofuata bonde la Pangani, na kwa biashara hiyo alipata bunduki na wafuasi.

Kuteremka huku kwa nguvu za kisiasa kulikuwa pia kupanda kwa lugha. Misafara ilikuja na Kiswahili, na Kiswahili kilipata kazi katika barua, mikataba na mashauri. Ushahidi mkubwa ni kwamba historia ndefu ya kwanza ya Wakilindi, Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, iliandikwa kwa Kiswahili wala si kwa Kishambaa, na sehemu zake za kwanza zilichapwa na misheni ya Magila. Wajerumani walipoitawala nchi walizidisha mwendo huo. Lushoto, wakati huo ikiitwa Wilhelmstal, ilikuwa makao ya utawala wa wilaya. Maakida walitumia Kiswahili. Na reli iliyoanzia Tanga ilifika Mombo mwaka 1905. Mashamba ya mkonge ya nyikani yaliwakutanisha vibarua wa makabila mengi ambao lugha yao ya pamoja ilikuwa Kiswahili.

Kwa historia hiyo, msamiati wa michezo uliofika milimani haukuwa kitu kimoja. Ulikuwa na matabaka, kila moja likiwa na umri wake na mahali lilikotoka, na matabaka hayo bado yanasikika mtu anapocheza leo.

3. Bao: maneno ya kawaida yaliyopewa kazi mpya

Bao la Kiswahili huchezwa kwenye ubao wenye mashimo 32 yaliyopangwa safu nne, kwa kete 64, kila mchezaji akiwa na 32. Mchezaji huanza na kete sita katika nyumba, mbili katika kila moja ya mashimo mawili yanayofuata, na 22 mkononi. Mchezo una sehemu mbili. Katika ya kwanza, inayoitwa namua, kila zamu huingiza kete moja kutoka mkononi. Kete za mkononi zikiisha huanza sehemu ya pili, ya mtaji, ambapo mchezaji hucheza kwa kete zilizokwisha kuwamo ubaoni. Mwanafunzi huanzia bao la kujifunza, ambalo kila shimo huwekwa kete mbili na sehemu ya namua hurukwa.

Jambo la kwanza linalojitokeza katika msamiati huu ni kwamba sehemu yake kubwa ni maneno ya kawaida ya Kibantu. Kula ni kuteka kete za mpinzani. Kulala ni zamu kukoma kwa kete ya mwisho kuangukia shimo tupu. Kichwa ni shimo la mwisho la safu ya mbele. Nyumba ni shimo linalohifadhi akiba. Namua, katika lugha ya kila siku, ni kukitoa kilichonasa au kunata. Mchezoni, ni kuzitoa kete mkononi moja moja na kuzitia vitani. Mchezo haukuazima maneno kutoka ng'ambo. Ulichukua vitenzi vya nyumbani na kuvibana mpaka kila kimoja kikabaki na maana moja.

Mfano ulio bora ni kitenzi takata. Nje ya mchezo maana yake ni kuwa safi. Katika bao, kutakata ni kucheza zamu isiyokula. Kutokana na mzizi huo lugha imezalisha takasia: kwa masharti maalumu, mchezaji asiyeweza kula huzipanga kete zake hivi kwamba mpinzani naye analazimika kutakata, huku shimo lake moja likitishiwa. Shimo hilo huhesabiwa kuwa limetakasiwa, na mwenyewe haruhusiwi kulichezesha. Kanuni ngumu, ambayo kwa maelezo huchukua sentensi kadhaa, imefungwa ndani ya kitenzi kimoja kwa kutumia viambishi vya kawaida vya sarufi. Hapa misimu na istilahi zinakutana: neno lina ufundi wa istilahi, lakini lilitungwa na wachezaji wenyewe, pasipo kamati.

Kwa Mshambaa msamiati wa namna hii haukuwa mgeni kabisa. Kiswahili na Kishambaa si lugha moja, lakini ni ndugu. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kazi yao ya mwaka 1993, waliweka Kiswahili katika kundi la Sabaki na Kishambaa katika kundi la Seuta, pamoja na Kizigua, Kibondei na Kingulu, yote yakiwa matawi ya Kibantu cha Pwani ya Kaskazini Mashariki. Nyumba ni neno la pande zote mbili. Hata jina la Kimweri ye Nyumbai limelibeba, likiwa na kiambishi cha mahali -i pale ambapo Kiswahili kingeweka -ni. Msikilizaji wa milimani aliweza kulitambua neno kabla ya kuifahamu kanuni. Kilichokuwa kigeni zaidi kwake ni kete zenyewe: komwe, mbegu zinazopendwa na wachezaji, hutoka katika mti wa pwani.

Uthabiti wa msamiati huu unaeleweka kwa kutazama mabishano ya mchezo. Mtu akisema ametakata, mpinzani wake anayo sababu ya kuchunguza: je, hapakuwa na nafasi ya kula? Ikiwa ilikuwapo, hatua ni batili, maana kula ni lazima. Neno haliwezi kulegea, kwa sababu kulegea kwake kutamgharimu mtu mchezo mbele ya watazamaji. Hivyo mlinzi wa maana si mwalimu wala kamusi, bali ni yule anayeshindana nawe. Alexander de Voogt, aliyechunguza mabingwa wa bao wa Zanzibar na kuchapisha matokeo yake mwaka 1995, alionyesha kiwango cha juu cha kumbukumbu na hesabu kinachotakiwa katika mchezo huu. Hesabu ya namna hiyo, ikisemwa kwa mdomo, inahitaji maneno yasiyotikisika.

4. Karata: tabaka la Kireno

Karata zina historia ya namna nyingine. Vasco da Gama alipita pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1498; Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu mjini Mombasa mwaka 1593 na kuipoteza mwaka 1698, wakairudia kwa muda mfupi katika 1728 na 1729. Utawala wao haukupanda Usambara. Hata hivyo, jina karata lenyewe ni la Kireno, na pamoja nalo zilikuja aina zote nne: shupaza kutoka espadas, kopa kutoka copas, uru kutoka ouros na pau kutoka paus. Karata inayozishinda nyingine ikaitwa turufu, kutoka trunfo. Saba ikaitwa seti, kutoka sete. Hata kipande cha kubahatisha, dado, kina asili hiyo hiyo.

Tofauti na bao ni dhahiri. Bao lilizaliwa ndani ya lugha, likachukua vitenzi. Karata zilifika zikiwa zimekamilika, zikaja na nomino zao. Aliyejifunza mchezo alijifunza pia majina, na majina hayo yakabaki baada ya walioyaleta kuondoka. Maana pia zilihama njiani. Ree, ambayo ni karata ya moja, inafanana na neno la Kireno la mfalme, rei. Cheo cha juu kilibaki, aliyekishika akabadilika. Karata za picha nazo ziliitwa mzungu na kutofautishwa kwa hesabu, kama vile mzungu wa pili na mzungu wa nne. Hapa hapakuwa na mkopo. Wachezaji waliitazama picha wakaiita kwa kile walichokiona.

Umbo la maneno haya ni ushahidi wa wakati. Kiswahili cha zamani hakikuvumilia konsonanti mbili zikutane ovyo wala neno lifungwe kwa konsonanti. Trunfo ikapata irabu kati ya t na r, ikapoteza ung'ong'o wake, ikawa turufu. Espadas ikapoteza irabu ya mwanzo na s ya mwisho, na kundi la sp likavunjwa kwa irabu. Copas na ouros zikaacha s zao. Mtu anayesema turufu Soni au Bumbuli anatumia umbo lililotengenezwa na midomo ya watu wa pwani karne kadhaa zilizopita, kwa kanuni za matamshi za wakati ule.

5. Drafti na tabaka la Kiingereza

Neno drafti linasimulia wakati mwingine. Lina dr mwanzoni na ft katikati, na hakuna irabu iliyoingizwa kuyavunja makundi hayo. Kilichoongezwa ni irabu ya mwisho tu. Umbo hilo ni la kipindi ambacho shule na ofisi za utawala wa Uingereza ziliwazoesha wasemaji matamshi ya Kiingereza. Ukiweka turufu na drafti kando kwa kando, unaona zama mbili za Kiswahili katika jinsi zinavyoshughulikia sauti ngeni. Pwani pana neno la zamani zaidi la mchezo wa jamii hiyo, dama. Lililoenea bara ni drafti, na ndani yake kingi, kete iliyofika mstari wa mwisho na kupata uwezo mpya.

Lakini drafti haikuja na msamiati kamili kama karata. Ilikuta bao limetangulia, ikachukua kutoka humo. Vipande vyake 12 kwa kila upande vinaitwa kete, na kuteka ni kula. Neno kete lina safari ndefu. Kete ni aina ya simbi ndogo ya baharini. Katika bao likawa jina la kila kinachochezewa, ziwe simbi, komwe au vijiwe. Katika drafti likahamia kwenye vizibo vya chupa za soda, upande mmoja vikiwekwa kichwa juu na upande wa pili vikigeuzwa. Kitu kimebadilika mara tatu bali kazi yake imebaki ile ile, na kwa hiyo neno limebaki. Kanuni ya pili inapatikana hapa: neno huvuka kutoka mchezo mmoja hadi mwingine pale kazi inapofanana, hata kama kitu hakifanani. Takata na kimbi hazikuvuka, kwa sababu drafti haina kazi ya kuzipa.

6. Maneno yanayotoka mchezoni

Baadhi ya maneno yametoka kabisa. Bao, ambalo kwa asili ni ukubwa wa ubao, lilikuwa jina la chombo, kisha la mchezo, kisha la ushindi mmoja katika mchezo. Kwa maana hiyo ya mwisho limeingia kwenye soka, ambako timu hufunga mabao, na uwanjani hakuna ubao wowote. Kutoka hapo, kumpiga mtu bao kumekuwa kumzidi katika jambo lolote, kuanzia biashara hadi uchumba. Turufu imeingia katika habari za siasa, ambako kila mgombea husemwa kuwa na turufu yake. Kete imegawanyika: katika siasa kuna kutupa kete ya mwisho, na katika taarifa za polisi kuna kete za dawa za kulevya, ambapo neno linataja kifurushi kidogo kinachohesabika.

Mtaji unastahili kutajwa peke yake. Mchezaji wa bao akisema ana mtaji, anamaanisha ana nafasi ya kula katika zamu yake. Mfanyabiashara wa mboga wa Lushoto anayepeleka karoti na kabichi Dar es Salaam akisema hana mtaji, anamaanisha hana fedha za kuanzia. Maana zote mbili zimesimama juu ya wazo moja, yaani uwezo wa kuzalisha kutokana na ulicho nacho sasa. Lakini sokoni hakuna mpinzani wa kupinga neno, na kwa hiyo limepanuka mpaka afya, elimu na hata marafiki huitwa mtaji. Ubaoni limebaki jembamba: upo au haupo, na jicho la mpinzani litaamua.

Orodha ya yaliyotoka inaonyesha mpangilio. Bao, kete, turufu na mtaji hutaja kinachoshikwa, kinachohesabiwa au kinachomilikiwa. Takata, takasia, namua na kimbi hutaja uhusiano wa mashimo na zamu. Kundi la kwanza linaeleweka kwa mtu ambaye hajawahi kucheza. La pili halieleweki bila ubao. Kwa hiyo la kwanza limepata wasemaji wengi na kupoteza ukali wake, na la pili limetunza ukali na kubaki na wasemaji wachache.

7. Mamlaka za lugha na lugha ya kijiweni

Usambara inatoa pia mfano wa kulinganisha, kwa kuwa ni miongoni mwa mahali ambapo lugha ilishughulikiwa kwa makusudi. Misheni ya Bethel ilianza kazi Mlalo mwaka 1891 na kuitumia Kishambaa kanisani. Mmisionari wake Karl Roehl alichapisha sarufi ya Kishambaa mwaka 1911. Kamusi ya F. LangHeinrich ikafuata mwaka 1921. Roehl baadaye alitafsiri Biblia nzima kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 1937, akijitahidi kuondoa maneno ya asili ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu. Lilikuwa jaribio la msomi mmoja kuamua asili ya maneno ambayo watu wangeyatumia. Tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952, isiyoyaogopa maneno hayo, ndiyo iliyoenea.

Usanifishaji wa serikali ulikwenda kwa njia nyingine: Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, Kamati ya Lugha ikaundwa mwaka 1930, na Baraza la Kiswahili la Taifa likaanzishwa mwaka 1967. Vyombo hivi vilijenga lugha ya shule, ya sheria na ya utawala. Mahali pa michezo palitazamwa kwa jicho tofauti. Kijiwe, jiwe dogo la kukalia, likawa jina la mahali pa kukutania na papo hapo likabeba lawama ya uvivu. Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, iliyomtaka kila mwenye uwezo awe na kazi inayotambulika, iliipa lawama hiyo nguvu za kisheria. Aliyekaa kijiweni mchana alikuwa mtu wa kuulizwa maswali kabla ya kuwa mtu wa kusikilizwa.

Mtazamo huo uliathiri pia elimu. Maneno ya bao na karata yamo katika kamusi, kuanzia za karne ya 19 hadi Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, lakini mengi yamefafanuliwa kwa kifungu kifupi, pasipo kuonyeshwa hatua ya mchezo inayoyapa maana. Kuandika kwamba takata ni hatua katika bao ni sawa na kuandika kwamba talaka ni jambo katika ndoa. Si uongo, ila msomaji hawezi kulitumia neno wala kutambua limetumiwa vibaya.

8. Hitimisho

Historia ya msamiati huu inaonyesha kwamba uhai wa neno la mchezo haukutegemea asili yake wala kibali cha mamlaka. Maneno ya Kireno yamedumu milimani ambako Wareno hawakutawala. Ya Kibantu yamedumu bila kutetewa na wapenda usafi wa lugha. Ya Kiingereza yameishi pamoja nayo kwenye ubao mmoja. Kila moja lilidumu kwa kuwa lilikuwa na kazi katikati ya mchezo na mtu wa kulisimamia.

Hitimisho hili lina matokeo kwa utafiti. Maneno yaliyotoka mchezoni hayako hatarini. Soka, siasa na biashara zinayatunza kwa njia yake. Yaliyo hatarini ni yale yaliyobaki ndani, kwa kuwa yanaishi muda ule ule ambao wachezaji wawili wenye ujuzi wanaendelea kuketi uso kwa uso. Anayetaka kuyahifadhi hana budi kurekodi zamu pamoja na neno, na pingamizi pamoja na zamu: nani alisema ametakata, mashimo yalikuwaje, na mpinzani alijibu nini. Ubao ukinyamaza, takasia itabaki katika kamusi kama umbo sahihi la kisarufi, na hapatakuwa na mtu wa kumwambia msemaji kwamba amelikosea.